Kumtafuta mlowezi wa Marekani wa karne ya 19: anza na shamba, si na jina

Januari 20, 1868, Joseph Graff na Samuel Kilpatrick walikula kiapo kumshuhudia jirani yao Daniel Freeman, aliyekuwa amejiandikishia shamba kwenye ofisi ya ardhi ya Brownville, Nebraska. Walisema wanamjua kwa zaidi ya miaka mitano. Ni raia wa Marekani, mkuu wa kaya yenye mke na watoto wawili. Amejenga nyumba ya futi 14 kwa 20, sehemu magogo na sehemu mbao, paa la vigae vya mbao, chini sakafu ya mbao. Amelima na kuzungushia ua kama ekari 35. Ana zizi la farasi, banda la kondoo lenye urefu wa futi 100, ghala la mahindi, mitufaha 40 na mipichi kama 400.

Yote hayo yamo kwenye karatasi za shamba moja. Sensa ya watu haikuhesabu mipichi ya mtu mmoja mmoja, rejista ya kanisa haipimi nyumba, na kaburi halitaji majirani. Hata hivyo wengi wanaoanza kufuatilia nasaba ya mlowezi wa magharibi ya Marekani hukimbilia jina. Huliandika kwenye tovuti ya nasaba, wakapata msururu wa watu, wakachagua anayeelekea kufanana. Hapo ndipo ukoo mzima unapopotea njia. Karani aliandika jina alivyolisikia, mhamiaji alilibadili mwenyewe, na kaunti moja ingeweza kuwa na akina John Miller wanne. Kiwanja cha ekari 160 hakihami, na hakina pacha.

Sheria iliyozalisha faili

Sheria ya Homestead, iliyompa mlowezi hadi ekari 160 za ardhi ya serikali akikaa na kuzilima, ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln Mei 20, 1862, ikaanza kazi Januari 1, 1863. Mwombaji alipaswa awe na umri wa miaka 21 au awe mkuu wa kaya, awe raia au awe amekwisha kutoa tamko rasmi la nia ya kuwa raia, na asiwe amewahi kubeba silaha dhidi ya Marekani. Mwanamke asiye na mume na mjane waliruhusiwa kuomba, na walioomba walikuwa wengi. Mke aliye na mume hakuruhusiwa, kwa kuwa mkuu wa kaya alihesabiwa kuwa mumewe. Ada ya kuanzia ilikuwa dola 10 na malipo ya maofisa dola 2, kisha dola 6 nyingine mwishoni. Mtu akikaa na kulima kwa miaka mitano, alikuja na mashahidi wawili, akathibitisha, akapewa hati ya umiliki. Akipitisha miaka saba bila kuthibitisha, haki yake ilikufa.

Kila hatua iliacha karatasi: ombi, kiapo, stakabadhi, ushahidi wa mwombaji, ushahidi wa mashahidi. Fomu za miaka ya 1880 ni tajiri kuliko ile ya Freeman. Mwombaji anaulizwa umri wake, alizaliwa jimbo au nchi gani, nyumba ilijengwa lini, alihamia lini, kaya ina watu gani, aliwahi kuondoka kwa muda gani na kwa sababu gani, amelima ekari ngapi na kuvuna misimu mingapi. Kuanzia 1879 ilibidi pia atangaze nia yake kwenye gazeti la karibu, akitaja mashahidi wanne ambao wawili kati yao wangeitwa. Majina hayo manne ni ya kunakili hata kama hujui ni ya nani. Mara nyingi mmoja wao hujitokeza baadaye kuwa shemeji, au mtu aliyetoka naye kijiji kimoja huko Ohio au Norway.

Tahadhari moja kuhusu tarehe za viapo hivyo. Majirani walishuhudiana kwa zamu. Leo wewe kwangu, mwaka kesho mimi kwako. Ukiona mashahidi wote wanasema mtu hakuondoka shambani hata siku moja kwa miaka mitano, na sensa ya jimbo inamwonyesha akifanya kazi ya useremala mjini, iamini sensa kwanza.

Jinsi ya kulipata faili

Pa kuanzia ni tovuti ya General Land Office Records ya Bureau of Land Management, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma; tovuti hiyo ni bure. Chagua jimbo, andika jina la ukoo peke yake kwanza, halafu punguza kwa kaunti. Matokeo yakija, nakili vitu vitano: jina kama lilivyoandikwa, ofisi ya ardhi, nambari ya hati, tarehe, na maelezo ya mahali. Angalia pia sheria iliyotajwa. Hati ya homestead itataja sheria ya Mei 20, 1862. Ikitaja ile ya Aprili 24, 1820, shamba lililipiwa fedha taslimu, lakini usiliache. Mlowezi aliruhusiwa kufupisha miaka mitano kwa kulipa dola 1.25 kwa ekari baada ya kukaa miezi sita, na faili lake likawekwa pamoja na ya wanunuzi wa fedha taslimu. Ndani yake karatasi za homestead bado zinaweza kuwamo.

Hati inayoonekana mtandaoni ni ukurasa mmoja tu wenye maneno ya kisheria. Faili lenyewe liko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington, na huagizwa kwa vitu vile vitano ulivyonakili. Kwa hati za kabla ya Julai 1908, nambari peke yake haitoshi, kwa sababu kila ofisi ya ardhi ilianza kuhesabu kutoka moja. Ukiagiza nambari bila ofisi, utaletewa faili la mtu mwingine au hutaletewa chochote. Mafaili ya Nebraska yamekwisha kupigwa picha na yanasomeka mtandaoni. Ya majimbo mengine mengi bado ni ya kuagiza.

Kama jina halionekani kabisa, sababu huwa mojawapo ya hizi. Mlowezi alikufa kabla ya kuthibitisha, hati ikatoka kwa jina la mjane au kwa “warithi wa” fulani. Au alinunua kutoka kwa kampuni ya reli, ambayo ilipewa ardhi na serikali na kuiuza yenyewe. Mauzo hayo yako kwenye daftari la kaunti. Au aliishi Texas, Kentucky, Tennessee au mojawapo ya makoloni 13 ya awali, ambako ardhi haikuwahi kuwa ya serikali ya shirikisho. Au, na hili ndilo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, aliomba akashindwa. Ukame, nzige na madeni viliwaondoa wengi kabla ya mwaka wa tano. Tovuti inaonyesha hati zilizotolewa tu. Maombi yaliyofutwa yameandikwa kwenye vitabu vya viwanja, ambavyo tovuti ya nasaba ya FamilySearch imeviweka bure kwa majimbo ya magharibi, na nayo yana mafaili yake.

Oregon ina utaratibu wake wa zamani zaidi. Sheria ya 1850 ilimpa mwanamume asiye na mke ekari 320, na wenye ndoa 640, nusu kwa jina la mke. Kwa kuwa ndoa ilikuwa na thamani ya ekari 320, faili lilidai tarehe na mahali pa ndoa. Kwa mtu aliyeoa Missouri mwaka 1845 katika kaunti ambayo mahakama yake iliungua, huenda huo ndio ushahidi pekee wa ndoa uliobaki.

Kusoma anwani ya shamba

Maelezo ya mahali huwatisha watu bure. Shamba la Freeman limeandikwa hivi: nusu ya kusini ya robo ya kaskazini-magharibi, robo ya kaskazini-mashariki ya robo ya kaskazini-magharibi, na robo ya kusini-magharibi ya robo ya kaskazini-mashariki, seksheni 26, taunishipu 4 kaskazini, renji 5 mashariki, meridiani kuu ya sita.

Soma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Meridiani kuu ya sita ni mstari wa kupimia wa Kansas na Nebraska, na mstari wake wa msingi ni latitudo ya 40, yaani mpaka wenyewe wa majimbo hayo mawili. Taunishipu ni mraba wa maili 6 kwa 6. Ya nne kuelekea kaskazini inaanza maili 18 juu ya mpaka. Renji ni safu ya taunishipu, nayo huhesabiwa mashariki au magharibi ya meridiani. Ya tano inaanza maili 24 mashariki ya meridiani. Ndani ya taunishipu kuna seksheni 36, kila moja maili mraba moja, ekari 640. Nambari 1 iko pembe ya kaskazini-mashariki. Hesabu huenda magharibi hadi 6, hushuka mstari, hurudi mashariki 7 hadi 12, na kuendelea hivyo kama jembe la ng'ombe linavyogeuka mwisho wa tuta. Seksheni 26 basi iko mstari wa tano kutoka juu, ya pili kutoka mashariki. Shamba liko kati ya maili 19 na 20 kutoka mpaka wa Kansas, magharibi kidogo ya mji wa Beatrice.

Sasa jumlisha: nusu ya robo ni ekari 80, na kila robo ya robo ni ekari 40. Jumla 160. Shamba halikuwa mraba, limejikunja. Maumbo ya namna hii si bahati mbaya: sheria iliruhusu vipande vya ekari 40 vilivyogusana, na mlowezi mjanja alichagua vile vilivyompa maji na miti. Katika ardhi ya Freeman kinapita kijito cha Cub Creek.

Ukishapata seksheni, tafuta kwenye tovuti ileile watu wote waliopewa hati katika taunishipu hiyo na zinazopakana nayo. Chora kwa mkono kwenye karatasi ya mraba. Walowezi wengi walihama kwa makundi: ndugu, wakwe, waumini wa kanisa moja, na wakachukua viwanja vya jirani. Ramani hiyo ya majirani hutatua mafumbo ambayo jina haliwezi, hasa la mke alitoka ukoo gani. Kwa baadhi ya majimbo tovuti hiyo ina pia madaftari ya wapimaji, yanayoeleza vijito, miti na njia kabla mlowezi hajafika. Usishangae kukuta humo vijiji na mashamba ya wenyeji. Kusini ya Beatrice palikuwa na hifadhi ya Waotoe na Wamissouria hadi walipohamishiwa Oklahoma ya leo mwaka 1881. Tarehe kama hiyo mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini ardhi fulani ilifunguliwa mwaka fulani, na kwa nini mlowezi wako alihama wakati ule.

Kurudi nyuma kwa sensa

Shamba linakupa mahali na miaka. Hapo ndipo sensa inapokuwa salama kutumia.

Sensa za 1790 hadi 1840 zinataja mkuu wa kaya peke yake. Wengine ni tarakimu kwenye safu za umri na jinsia. Mwaka 1850 ndio mpaka: kuanzia hapo kila mtu huru ametajwa kwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Lakini sensa za 1850, 1860 na 1870 hazisemi nani ni nani kwa nani. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kumchukua mwanamke aliyeandikwa wa pili kuwa mama wa watoto wote walio chini yake. Anaweza kuwa mke wa pili, dada wa mkuu wa kaya, au mke wa kaka marehemu. Ukiona mwanamke wa miaka 27 na mtoto wa miaka 15, simama. Uhusiano na mkuu wa kaya uliandikwa kuanzia 1880, mwaka ambao pia kila mtu aliulizwa baba yake na mama yake walizaliwa wapi.

Chombo bora cha sensa kwa mlowezi ni mahali walipozaliwa watoto. Tuseme kaya ya Nebraska mwaka 1880 ina mtoto wa miaka 24 aliyezaliwa Ohio, wa 20 aliyezaliwa Illinois, wa 15 wa Iowa na wa 9 wa Nebraska. Hapo umepata safari nzima: Ohio karibu 1856, Illinois kufikia 1860, Iowa karibu 1865, Nebraska kufikia 1871. Sasa unajua utafute hati ya ndoa Ohio, sensa ya 1860 Illinois na hati za kuuza shamba Iowa. Lakini kabla ya kuandikia kaunti yoyote, hakikisha ilikuwepo mwaka huo. Kaunti zilimegwa na kumegwa tena, na kumbukumbu hubaki kwenye kaunti mama. Ndoa ya 1858 haitakuwa kwenye mahakama ya kaunti iliyoundwa 1866.

Kisha kuna pengo. Karibu sensa yote ya 1890 iliharibika kufuatia moto wa Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington. Kati ya 1880 na 1900 watoto walizaliwa, wakakua, wakaondoka. Pengo huzibwa na sensa za 1885 za Nebraska na Dakota, na zile za jimbo la Kansas za 1875, 1885 na 1895, ambazo zina safu inayouliza mtu alikuja Kansas kutoka wapi. Sensa ya 1900 nayo inamsaidia anayejua kuisoma: inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na kila mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mama akisema amezaa 9 na wako hai 6, nawe una majina 7, kuna wawili usiowajua. Huenda walizaliwa baada ya 1880 na kufa kabla ya 1900, hawamo kwenye sensa yoyote ya taifa. Watafute makaburini na kwenye vitabu vya kanisa.

Usitegemee vyeti vya kuzaliwa. Nebraska ilianza usajili wa jimbo zima mwaka 1904, Kansas 1911. Vyeti vya vifo vya watoto wa mlowezi, waliokufa karne ya 20, ndivyo vyenye faida, kwa kuwa huuliza jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Aliyejibu, hata hivyo, huwa mkwe au mjukuu mwenye majonzi ambaye hakumwona bibi huyo kamwe.

Waliotoka ng'ambo, na waliotoka utumwani

Kwa mhamiaji, faili la shamba lina zawadi: asiyezaliwa Marekani alipaswa kuwa raia kabla ya kupewa hati ya umiliki, hivyo nakala ya uraia wake hupatikana mle ndani. Kabla ya Septemba 1906 uraia ulitolewa na mahakama nyingi za ngazi tofauti, na bila nakala hiyo hujui uulize wapi. Usitarajie kijiji, karatasi za wakati huo mara nyingi hutaja tu mfalme aliyekanwa, wa Prussia au wa Sweden na Norway. Kijiji kiko kwenye kitabu cha kanisa la Kimarekani alikobatizia watoto. Na kwa Wanorwe jiandae kwa majina: Ole mwana wa Lars aliitwa Ole Larsen, na shamba alilokaa likaongezwa mwishoni. Akifika Minnesota anaweza kubaki Larsen, na ndugu yake wa tumbo moja akachukua jina la shamba. Ndiyo maana majirani na mashahidi wana uzito kuliko jina. Hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York, walibadili majina haina mashiko. Waliita majina kutoka orodha za meli, na kituo kilifunguliwa 1892, baada ya walowezi wengi kuwa wamekwisha kufika.

Kwa walowezi weusi, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa jina wale waliokuwa watumwa. 1850 na 1860 waliandikwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mmiliki. Nicodemus, Kansas, iliyoanzishwa 1877 na watu wengi wao kutoka Kentucky, ni mfano mzuri wa njia ya shamba: mafaili ya majirani yakisomwa pamoja huonyesha kundi lililotoka kaunti moja, na kaunti hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye mirathi za wamiliki wa watumwa, ambako majina yameorodheshwa kama mali. Rejista za Freedman's, benki ya watu walioachwa huru kutoka utumwani, zilizoandika wazazi na ndugu wa wenye akaunti, zisikose kuangaliwa.

Panapoharibika

Simulizi za ukoo zina kiini cha kweli na ganda nene. Freeman mwenyewe anasimuliwa kuwa alimwomba karani afungue ofisi dakika chache baada ya saa sita usiku, awe mlowezi wa kwanza nchini. Hati inathibitisha ombi nambari 1 la Brownville. Ofisi nyingine zilikuwa na nambari 1 zao, na watu wengine wengi waliomba siku hiyohiyo. Simulizi ya familia yako itendewe vivyo hivyo: toa kile ambacho karatasi inabeba, kilichobaki kiandike kama simulizi.

Vitabu vya historia za kaunti vya miaka ya 1880 na 1890 vilijaa wasifu uliolipiwa na wenyewe. Vinaaminika kwa kaka na dada, si kwa ukoo wa kifahari wa Uingereza. “Junior” na “Senior” katika karne hiyo mara nyingi ni watu wawili tu wenye jina moja mahali pamoja, mkubwa na mdogo, hata kama si ndugu. Na mti wa ukoo ulionakiliwa mara mia mtandaoni bado ni chanzo kimoja.

Mlowezi akipotea baada ya kupata hati yake, rudi kwenye daftari la ardhi la kaunti, faharasa ya wauzaji. Wengi waliuza mapema. Soma hati ya mauzo hadi mwisho: mke hutajwa kwa jina, kwa kuwa alipaswa kuachilia haki yake, na chini kabisa pana muhuri wa ofisa aliyeshuhudia saini. Kama muhuri huo ni wa kaunti nyingine, au wa jimbo jingine kabisa, anza upya kutafuta huko, kuanzia tarehe ile.